Ripoti za mazingira kwa njia ya mtandao: taasisi ndogo ifanyeje, na ni nani hasa anayetia saini?

Mkaazi wa Langoni, Lamu (mwenye swali)

Assalaamu alaykum wenzangu, na hamjambo nyote.

Mimi ni afisa wa mazingira katika taasisi ndogo ya umma hapa Lamu. Tuko watu watano pamoja na mhudumu wa pampu, na kompyuta inayotegemewa ni moja. Kwa miaka mingi ripoti zetu za maji taka zilikwenda kwa karatasi: mkuu wetu alizisoma, akatia saini, karani akapiga muhuri, na bahasha ikapelekwa kwa mkono hadi ikasainiwa kwenye daftari la kupokelea barua. Sasa tunazijaza kwenye mfumo wa mtandaoni. Silalamikii mabadiliko hayo, kwa sababu bahasha zilikuwa zikipotea, na ripoti iliyopotea haimsaidii yeyote, wala mvuvi wala mwenye kisima. Linalonisumbua ni jambo lililotokea robo ya mwaka iliyopita.

Siku ya mwisho ya kuwasilisha ilimkuta mkuu wetu safarini. Asubuhi alipiga simu kutoka Nairobi akamtajia karani nywila yake, na jioni mimi nikasoma takwimu kutoka kwenye karatasi ya maabara huku karani akiziandika. Kwenye mstari wa chembechembe zinazoelea majini maabara ilikuwa imeandika miligramu 24 kwa lita, nasi tukaingiza 42. Mfumo ulipokea bila kuuliza chochote. Tuligundua baada ya wiki tatu, nilipokuwa nikipanga mafaili. Kwa kuwa kiwango kilichowekwa na Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 kilikuwa miligramu 30, tulikuwa tumejishtaki wenyewe kwa kosa ambalo hatukulitenda. Kibaya zaidi, mfumo unaonyesha kwamba mkuu ndiye aliyethibitisha ripoti hiyo saa kumi na moja kasoro dakika kumi, saa ambayo yeye alikuwa angani kati ya Nairobi na Manda.

Naomba msaada wa wenye ujuzi. Je, ni halali karani kuwasilisha kwa nywila ya mkuu, hata kama mkuu mwenyewe ndiye aliyeitoa? Tuweke ushahidi gani ofisini ili atakayekuja miaka mitano baadaye aweze kujua takwimu ilitoka wapi na nani aliithibitisha? Na intaneti ikikatika siku ya mwisho, jambo ambalo kwetu si la ajabu, ofisi kama yetu ijilinde vipi? Nauliza pia kama taasisi ndogo tatu au nne zinaweza kushirikiana, kwa sababu hakuna hata moja kati yetu inayoweza kumwajiri mtaalamu wa mifumo.

Afisa wa Maji, Malindi

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Yaliyokupata yametupata na sisi, kwa hiyo nitakueleza tulivyorekebisha, bila kujidai kwamba tumemaliza.

Kwanza, achaneni na nywila ya mkuu leo hii. Mkuu awe na akaunti yake, nawe uwe na yako, na karani awe na yake ikiwa mfumo unaruhusu ngazi tofauti za watumiaji. Anayeandaa asiwe ndiye anayethibitisha. Kama mfumo unaruhusu akaunti moja tu kwa kila taasisi, basi mwandikieni rasmi anayeusimamia kumwomba aongeze, na nakala ya barua hiyo muitunze, kwa sababu itawafaa siku mtakapoulizwa. Mkuu akitaka kusafiri, amteue kwa barua mtu wa kuthibitisha kwa niaba yake, na mtu huyo athibitishe kwa jina lake mwenyewe. Ofisini kwetu jambo hili lilichukua nusu saa ya kuandika barua moja, ilhali tulikuwa tumeliogopa kwa mwaka mzima.

Pili, nataka nikuvute nyuma kidogo, kwa sababu ofisi nyingi hushughulikia mfumo zikasahau chupa. Takwimu unayoijaza ilianza pale mlipochota maji. Nyinyi wa Lamu sampuli yenu ina safari ndefu: kutoka bwawa la maji taka hadi jetini, kwa boti hadi Mokowe, kisha barabara ya zaidi ya kilomita 300 ikiwa maabara iko Mombasa. Kipimo cha oksijeni inayohitajika na vijidudu, kile tunachokiita BOD, huchukua siku 5 maabarani kwenye joto la nyuzi 20, lakini kabla ya hapo sampuli inatakiwa kukaa kwenye baridi ya karibu nyuzi 4 na kuanza kupimwa kabla ya saa 48 kupita. Ikikaa juani kwenye buti la basi kwa sababu barafu imeyeyuka, vijidudu huendelea kula ndani ya chupa, na jibu litakalotoka litaonyesha maji yenu ni masafi kuliko yalivyo. Hakuna nywila wala saini itakayoirekebisha takwimu ya namna hiyo.

Kwa hiyo sisi tuna daftari gumu, lile la jalada jekundu lenye kurasa zilizopigwa namba, na kila sampuli ina mstari wake: tarehe na saa ya kuchota, mahali, jina la aliyechota, joto la kasha la barafu lilipofungwa, jina la aliyelichukua, na joto la kasha lilipofunguliwa maabarani. Namba ya mstari huo ndiyo inayoandikwa kwenye kibandiko cha chupa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kasha likitoa maji. Karatasi ya maabara ikirudi, namba hiyo hiyo huandikwa juu yake. Anayejaza ripoti husoma kwa sauti, na mwenzake, ambaye hakuandika, huzisoma tena kutoka kwenye skrini akianzia mstari wa chini kwenda juu. Ukisoma kwa mpangilio uleule ulioandikia, jicho hukubali linachokitarajia, na ndivyo 24 inavyogeuka 42 mbele ya watu wawili wazima.

Kuhusu kosa lenu la sasa, msilifute kimyakimya hata kama mfumo utawaruhusu kuhariri. Wasilisheni ripoti ya marekebisho pamoja na barua fupi inayosema takwimu ya kwanza ilikuwa 42, iliyo sahihi ni 24, kosa lilitokea wakati wa kunakili, na karatasi ya maabara imeambatishwa.

Wakili, Malindi

Nimesoma swali na jibu la mwenzangu wa maji, ambalo ninaliunga mkono. Nitagusa upande wa sheria kwa ujumla tu, kwa kuwa kila taasisi inapaswa kupata ushauri wa mwanasheria wake.

Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2009, inatambua rekodi na saini za kielektroniki. Saini ya kielektroniki ya ngazi ya juu inatakiwa iwe imefungamana na mtu mmoja tu, iweze kumtambulisha mtu huyo, iwe imetengenezwa kwa njia ambayo yeye peke yake ana mamlaka nayo, na iungane na maandishi kiasi kwamba badiliko lolote litakalofanywa baadaye lionekane. Pima tukio la ofisi yenu kwa masharti hayo. Mkuu alipomtajia karani nywila kwa simu, mamlaka ya peke yake yalikwisha papo hapo. Sisemi kwamba ripoti ni batili, wala sisemi kwamba karani ametenda jinai, kwa sababu alipewa ruhusa. Ninalosema ni kwamba wakili wa upande wa pili akishika tiketi ya ndege ya mkuu mkononi mwa kulia na kumbukumbu ya mfumo mkononi mwa kushoto, itakuwa vigumu sana kumfanya hakimu aiamini ripoti hiyo au zilizotangulia.

Tena Sheria ya Ushahidi, ili rekodi iliyotolewa na kompyuta ikubaliwe mahakamani, inadai cheti kinachoeleza jinsi rekodi ilivyotolewa na chombo kilichoitoa, kikisainiwa na mtu mwenye dhamana juu ya chombo au shughuli hiyo. Mtu huyo atatoka katika ofisi ya watu watano. Jiulizeni leo ni nani, na kama anajua ripoti za mwaka juzi zimehifadhiwa wapi. Aidha, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inafanya kuwa kosa mtu kubadilisha kwa udanganyifu kumbukumbu zinazotakiwa kutunzwa, na hii ndiyo sababu marekebisho yafanywe hadharani kwa barua, kama alivyoshauri mwenzangu.

Jambo la tatu huwa linasahauliwa. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, mwananchi anaweza kuomba taarifa kutoka kwa taasisi ya umma, na taasisi ina siku 21 za kujibu. Mkaazi wa kando ya bwawa lenu akiomba matokeo ya miaka mitatu, mtayatoa kwenye mfumo ambao si wenu, ambao huenda wakati huo umebadilishwa, au mtayatoa kwenye kabati lenu? Pwani yetu inajua uzito wa karatasi. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama Maalumu ya Mazingira ilipofuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, hoja kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa wananchi, na hoja ya namna hiyo huamuliwa kwa kumbukumbu za nani aliambiwa nini, lini na wapi.

Mstaafu wa Shela

Nawasalimu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, lakini nilifanya kazi miaka mingi Marekani katika idara ya maji taka ya mji mdogo, kabla ya kurudi nyumbani. Mwanangu wa Langoni, mambo unayoyauliza sisi tuliyapitia kule, na si mji wetu tu bali majimbo mazima.

Mwaka 2005, tarehe 13 Oktoba, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilichapisha kanuni ambayo kwa kifupi huitwa CROMERR. Kanuni hiyo haikumlazimisha mtu kuacha karatasi. Ilisema kwamba jimbo, taifa la wenyeji asilia au serikali ya mtaa inayosimamia programu ya mazingira kwa idhini ya EPA, ikitaka kupokea ripoti kwa njia ya kielektroniki badala ya karatasi, ni lazima kwanza mfumo wake ukaguliwe na kuidhinishwa. Lengo lilikuwa hilo alilolieleza wakili: ripoti ya kielektroniki iwe na nguvu ileile mahakamani kama karatasi yenye saini ya wino, na aliyeisaini asiweze kuikana.

Mji wetu uliguswa pande mbili. Tulituma ripoti zetu wenyewe, na wakati huohuo tulipokea ripoti za viwanda vilivyomwaga maji machafu kwenye mabomba yetu. Kuna masharti matatu ya kanuni ile ambayo ningependa yafike Lamu, hata kama hayamo kwenye mfumo mnaoutumia. La kwanza ni mkataba wa saini: kabla ya kupewa ruhusa ya kusaini, mtu anathibitisha yeye ni nani, kisha anakubali kwa maandishi kwamba hatamruhusu mwingine kutumia nywila yake, na kwamba saini yake ya kielektroniki inamfunga kisheria kama ya mkono. La pili ni nakala ya kumbukumbu, yaani ripoti nzima kama ilivyopokelewa, pamoja na saini na tarehe na saa, ikiwa katika hali ambayo binadamu anaweza kuisoma, na aliyetuma aweze kuifungua na kuikagua. La tatu ndilo lililonifurahisha kuliko yote: baada ya kupokea, mfumo hupeleka taarifa yenyewe kwenye anwani ambayo haifunguliwi kwa nywila ileile ya akaunti. Lau mkuu wako angepata taarifa ya namna hiyo, simu yake ingemwambia aliposhuka Manda kwamba kuna ripoti imesainiwa kwa jina lake, na angeweza kuifungua akiwa bado kwenye boti ya kuvukia kuja mjini. Wiki tatu zisingepita.

Sasa nije kwenye swali lako la ushirikiano, ambalo naona ndilo zito. Ofisi ndogo kule hazikuweza kujenga mifumo ya kutimiza masharti yale. Orodha ya ukaguzi peke yake ilikuwa inaogofya, na muda wa kuomba idhini kwa mifumo iliyokuwepo tayari ulisogezwa mbele zaidi ya mara moja. Kilichosaidia ni EPA yenyewe kujenga huduma za pamoja: kuthibitisha utambulisho, kusaini, na kuhifadhi nakala ya kumbukumbu. Ofisi ndogo inabaki na fomu zake na tovuti yake, lakini inapofika hatua ya saini mfumo wake unaiomba huduma ya pamoja ifanye kazi hiyo. Kazi ngumu inafanywa mara moja na watu wenye uwezo, na wadogo wanaitumia. Hapa kwetu naona nafasi ya kaunti, au ya taasisi ndogo za kaunti mbili jirani, kuomba jambo hilohilo kwa sauti moja. Mtaalamu mmoja wa mifumo anaweza kuhudumia ofisi nne kwa siku moja kila wiki, ila mkataba useme wazi kwamba hana ruhusa ya kuthibitisha ripoti ya yeyote.

Fundi wa Mitambo, Malindi

Kwa heshima zote kwa mzee wetu, nina wasiwasi na kila kitu kuwekwa mahali pamoja. Mwezi wa Julai mwaka 2023 mfumo wa eCitizen, ule wa huduma za serikali ya Kenya kwa mtandao, ulishambuliwa mtandaoni na huduma zikayumba nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, na sote tunakumbuka intaneti ilivyokuwa ikitambaa. Ikiwa ofisi nne zinategemea huduma moja, ikianguka zote nne zinachelewa, na adhabu ya kuchelewa haitaulizia nyaya.

Kwa upande wangu, kila ofisi iwe na njia ya dharura iliyoandikwa na kukubaliwa mapema na anayepokea ripoti. Sisi hupiga picha ya skrini ikionyesha mfumo umekataa, saa ikionekana pembeni, halafu tunatuma ripoti iliyosainiwa kwa barua pepe siku hiyohiyo, na kama hata barua pepe haitoki, inapelekwa kwa mkono. Na ripoti isingojee siku ya mwisho. Tarehe yetu ya ndani ni siku 7 kabla, nayo tunaiheshimu kuliko ile ya mfumo. Nakala zihifadhiwe mahali pawili tofauti, kimoja kikiwa diski isiyounganishwa na mtandao na iliyofungiwa kwenye kabati. Msiitegemee diski mkononi ya karani ambayo pia ina picha za harusi. Nimeona ripoti za mwaka mzima zikipotea kwa njia hiyo.

Mstaafu wa Shela

Wasiwasi wako ni wa haki, na kule waliuona. Kanuni nyingine ya EPA ya mwaka 2015, iliyohusu ripoti za wenye vibali vya kumwaga maji taka, iliweka misamaha ndani yake: wa muda, kwa mfano kwa mahali pasipo na intaneti ya kutegemewa, wa kudumu, kwa jamii za kidini zisizotumia teknolojia kama Waamishi, na wa dharura, kwa maafa makubwa au mfumo wa kupokea ripoti unapoanguka kwa zaidi ya saa 96. Aliyesamehewa hakusamehewa kutoa ripoti, alirudi kwenye karatasi tu. Hata tarehe ya mwisho ya awamu ya pili ya kanuni hiyo ilisogezwa kutoka Desemba 2020 hadi Desemba 2025, kwa sababu majimbo hayakuwa tayari. Msamaha wa dharura ukiandikwa ndani ya utaratibu tangu mwanzo, ofisi ndogo haitalazimika kubembeleza baada ya kuchelewa.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Mzee wangu wa Shela, shikamoo, nanyi nyote nawashukuru kwa dhati.

Nimezungumza na mkuu leo asubuhi, naye hakubisha. Amebadilisha nywila mbele yetu na ameniandikia barua ya uteuzi wa kuthibitisha anapokuwa nje ya kisiwa. Barua ya marekebisho ya ile 42 imekwenda, ikiwa na karatasi ya maabara na maelezo kamili ya siku ile, pamoja na lile la nywila. Karani aliogopa kwamba sehemu hiyo itamletea matatizo, nami nimeandika katika barua kwamba alitekeleza agizo, kwa sababu huo ndio ukweli. Daftari la jalada gumu limenunuliwa, na mstari wa kwanza ni wa chupa tutakazochota Jumatatu kabla ya boti ya saa kumi na mbili asubuhi.

Limebaki jambo moja ambalo bado naomba mnisaidie. Mfumo wetu hautoi taarifa ya kupokea nje ya akaunti, kama ile aliyoieleza mzee. Kuna taasisi yoyote ya pwani ambayo imewahi kuiomba kwa maandishi? Kama ipo, naomba nione jinsi mlivyoiandika barua, ili yetu isimame pamoja na yenu badala ya kwenda peke yake.